EPL, La Liga, Bundesliga au Ligi Kuu yetu? Angalia hela ya TV na usajili kabla hujachagua

Kila ikifika mwezi wa nane watu wanaulizana yale yale, msimu huu nilipie kifurushi gani, ligi gani niifuatilie kwa moyo wote, maana zote haziwezekani, mechi ni nyingi na muda ndo huo huo. Wengi wanachagua kwa majina, fulani kasajiliwa wapi na kanunuliwa bei gani. Mimi ushauri wangu ni mwingine kidogo: angalia hela inaingiaje kwenye hiyo ligi na ikishaingia inagawanywaje, sababu hapo ndo pameamuliwa utaona nini wikiendi. Kama bingwa anajulikana kabla ya Krismasi, kama timu uipendayo itauza mastaa wake kila dirisha, kama dogo aliyelelewa klabuni atapewa nafasi au atauzwa ili vitabu vya hesabu vikae sawa, yote yanaanzia kwenye mkataba wa TV.

Nimechukua ligi 4 ambazo wengi wetu tunazizungumzia: EPL ya England, La Liga ya Hispania, Bundesliga ya Ujerumani na NBC Premier League ya Tanzania. Zote nazipima kwa vigezo hivi hivi:

- Hela ya TV: ni kiasi gani, na inagawiwa vipi kati ya wakubwa na wadogo.
- Usajili: hii ni ligi ya kununua, ya kuuza, au vyote.
- Ubingwa na mkiani: nani anaweza kushinda, nani anashuka na kwanini.
- Shabiki: wa uwanjani na sisi wa kwenye skrini.
- Inamfaa nani.

Kabla sijaanza, jambo moja. Bei za wachezaji hazikupanda zenyewe. Newcastle walimnunua Alan Shearer mwaka 1996 kwa pauni milioni 15 na ilikuwa rekodi ya dunia, mwaka 2025 Liverpool wamemchukua Alexander Isak kutoka hiyo hiyo Newcastle kwa milioni 125. Katikati hapo mikataba ya TV ilikuwa inapanda kila baada ya miaka michache, na kila ikipanda klabu inayouza inajua anayenunua ana hela kwahiyo inataja bei juu. Alafu kulikuwa na hukumu ya Bosman ya 1995 iliyomruhusu mchezaji kuondoka bure mkataba ukiisha, hiyo ikasukuma mishahara nayo juu. Na hela ya TV huwa inakauka. Kampuni ya TV ya ITV Digital ilifilisika 2002 ikaziacha klabu za madaraja ya chini England kwenye hali mbaya, mwaka huo huo kampuni ya TV ya Kirch ikaanguka Ujerumani, Ufaransa Mediapro waliokuwa na haki za ligi walishindwa kulipa 2020, na jirani zetu Kenya SuperSport walijitoa kwenye ligi yao 2017. Kwahiyo usiangalie ukubwa wa mkataba tu, angalia pia klabu zitaishije siku mwenye kamera akiondoka.

1. EPL

Hela ya TV. Ligi yenyewe ilizaliwa kwasababu ya TV. Klabu za daraja la kwanza zilijitenga 1992 ili zisigawane mapato na madaraja ya chini, Sky na BBC wakaja na mkataba wa pauni milioni 304 kwa miaka 5. Mkataba wa ndani wa sasa ulioanza 2025 ni pauni bilioni 6.7 kwa misimu 4, na hapo bado haki za nje ya Uingereza ambazo nazo ni mabilioni. Kifurushi unacholipia wewe Mwanza au Mombasa kimo humo.

Kinachowafanya EPL wawe tofauti ni mgao. Nusu ya hela ya TV ya ndani inagawanywa sawa kwa timu zote 20, robo inafuata nafasi ya timu kwenye msimamo, robo nyingine inafuata mechi ngapi za timu zimeonyeshwa. Hela ya nje kwa miaka mingi ilikuwa inagawanywa sawa kabisa, kuanzia 2019 ndo kinachoongezeka kinafuata nafasi. Matokeo yake bingwa hapati hata mara mbili ya anayeburuza mkia. Sheffield United walimaliza wa mwisho msimu wa 2023/24 na bado wakachukua zaidi ya pauni milioni 100 kutoka ligi. Iweke akilini hiyo namba, nitairudia nikifika kwetu.

Usajili. Hii ni ligi ya kununua, hakuna anayebisha. Dirisha la kiangazi 2025 klabu za EPL zilimwaga zaidi ya pauni bilioni 3. Kwasababu mgao uko sawa kiasi, hata timu ya katikati ya msimamo inaweza kumtoa mchezaji kwenye klabu kubwa ya nchi nyingine. Sunderland wamepanda daraja 2025 wakaenda kumchukua Granit Xhaka kutoka Leverkusen, timu iliyokuwa bingwa wa Ujerumani mwaka mmoja kabla. Na wapo wanaotumia akili kuliko hela, Brighton walimleta Moisés Caicedo kutoka Ecuador kwa pauni milioni 4 na kitu mwaka 2021, wakamuuza Chelsea 2023 kwa dau lililofika milioni 115.

Sasa hapa kuna kitu ambacho mimi kinaniuma na ningependa kila anayeipenda EPL akielewe. Klabu ikinunua mchezaji, bei yake kwenye hesabu inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Ndo maana Chelsea walimpa Mudryk na Enzo Fernández mikataba ya miaka 8 na nusu, bei ikigawanywa kwa miaka mingi inaonekana ndogo kila mwaka, mpaka UEFA wanaosimamia soka la Ulaya na baadae EPL yenyewe wakaweka kikomo cha miaka 5. Lakini mchezaji aliyetoka akademi hana bei ya kununuliwa, akiuzwa hela yote inaandikwa faida. Na kanuni za ligi mpaka msimu wa 2025/26 zilisema hasara isizidi pauni milioni 105 kwa miaka 3. Everton na Nottingham Forest wamenyang'anywa pointi kwa hilo msimu wa 2023/24, kwahiyo klabu zinaogopa, na njia rahisi ya kuziba pengo ni kumuuza dogo wa nyumbani. Newcastle walimuuza Elliot Anderson 2024, kijana wa pale pale, timu yake toka utotoni. Chelsea wamewaacha Mason Mount na Conor Gallagher waondoke. Yaani kanuni iliyowekwa kuzuia matumizi ya hovyo imewafanya vijana waliokulia klabuni wawe ndo rahisi zaidi kuuzwa, na shabiki aliyeanza kumwona yule dogo ana miaka 17 anabaki ameshika jezi yenye jina la mtu aliyehama. Ni mbaya, na watu wa juu kule wanajua.

Ubingwa na mkiani. Juu pako wazi kiasi. Leicester walichukua 2016 wakiwa na Mahrez aliyenunuliwa Le Havre kwa kama pauni laki 4, Chelsea 2017, Liverpool 2020 na 2025, ila Man City wamebeba mara 4 mfululizo kuanzia 2021 mpaka 2024 kwahiyo tusijidanganye kwamba kila mtu anaweza. Chini ndo pamekuwa pagumu: timu zote 3 zilizopanda zilishuka msimu wa 2023/24, na msimu uliofuata zikashuka zote 3 tena. Pengo la hela kati ya EPL na Championship, yaani daraja la pili la kule, limekuwa bonde, anayepanda anakuta wenzake wamekusanya milioni 100 kila mwaka kwa miaka.

Shabiki. Anayekwenda uwanjani kule analia na tiketi na ratiba, TV ikitaka mechi ichezwe Jumatatu usiku basi mtu wa Newcastle atasafiri mpaka London na kurudi alfajiri kazini. Walau walipigania mpaka tiketi ya mgeni ikawekewa kikomo cha pauni 30 toka 2016. Sisi wa skrini tunafaidi kuliko wao, mechi za Jumamosi saa 9 alasiri za kule haziruhusiwi kuonyeshwa kwenye TV ndani ya Uingereza, huku kwetu unaziangalia saa 11 au saa 12 jioni bila shida yoyote.

Inamfaa nani. Mtu anayetaka mechi ngumu kila wiki hata ile ya nafasi ya 9 na ya 14, anayependa stori za dirisha la usajili, na anayetaka kuwa na wa kubishana naye kila kijiwe. Kama unaumia mchezaji akiondoka, jiandae.

2. La Liga

Hela ya TV. Mpaka 2015 kila klabu Hispania ilikuwa inauza haki zake yenyewe. Real Madrid na Barcelona walikuwa wanachukua kama euro milioni 140 kila mmoja kwa mwaka, wadogo wanaokota makombo. Serikali ikaingilia kwa amri ya Aprili 2015, haki zikaanza kuuzwa kwa pamoja, nusu ikawa inagawanywa sawa na iliyobaki ikafuata matokeo na ukubwa wa klabu. Pengo limepungua sana ila bado wawili wa juu wanavuta zaidi. Mkataba wa ndani ulioanza 2022 ni karibu euro bilioni 5 kwa misimu 5, ukiuweka karibu na wa England unaona wenyewe.

Usajili. Hapa ndo pana somo kubwa kuliko ligi zote. Agosti 2017 PSG ya Ufaransa walilipa euro milioni 222 kuvunja mkataba wa Neymar, Hispania kila mkataba una kipengele cha bei ya kuuvunja kwahiyo Barcelona hawakuweza kuzuia. Soko zima lilijua Barca wana hela mkononi na hawana winga. Dortmund wakawauzia Dembélé kwa euro milioni 105 na nyongeza, Liverpool wakawauzia Coutinho Januari 2018 kwa dau kubwa zaidi, na Liverpool kwa hela hizo wakajenga nyuma, Van Dijk na Alisson, wakaja kubeba Ulaya 2019. Barcelona wenyewe wakaongeza Griezmann milioni 120, mishahara ikapanda, korona ikafunga viwanja, na kufika 2021 rais Laporta anatangaza madeni ya euro bilioni 1.35. Messi akaondoka analia mbele ya waandishi kwasababu ligi ina kikomo cha mishahara na klabu ilikuwa haina nafasi ya kumsajili upya. 2022 wakauza asilimia 25 ya mapato yao ya TV ya La Liga kwa miaka 25. Miaka 25! Mtoto anayezaliwa leo atakuwa mtu mzima bado robo ya hela ya TV ya Barca inakwenda kwa mwekezaji.

Ila usiishie hapo, ukame ule ule ndo ulimfungulia mlango Lamine Yamal, aliyeanza timu ya wakubwa Aprili 2023 akiwa na miaka 15, akaja Cubarsí, Gavi alishakuwepo, na 2025 wamechukua ubingwa. Real Madrid nao walibadili mbinu, badala ya kuvunja benki kila mara wakawa wanasubiri mikataba iishe: Alaba 2021, Rüdiger 2022, Mbappé 2024. Ada ya uhamisho sifuri, ingawa mshahara na hela ya kusaini sio ndogo.

Na nawapenda Athletic Bilbao, lazima niseme. Wao wanachezesha Wabasque, watu wa eneo lao la kaskazini mwa Hispania, au waliolelewa kule tu, mtu akitaka kumchukua mchezaji wao wanamwonyesha kipengele cha mkataba, lipa chote au ondoka. Man City walilipa euro milioni 65 kwa Laporte, Chelsea milioni 80 kwa Kepa, mwaka huo huo wa 2018. Hela ikiingia hawana soko la kukimbilia, inarudi kwenye akademi, na 2024 wakabeba Copa del Rey, Kombe la Mfalme la Hispania, baada ya miaka 40.

Ubingwa na mkiani. Tangu Valencia 2004 mpaka 2025 bingwa ni Real, Barca au Atlético, na Atlético ni mara 2 tu, 2014 na 2021. Girona walimaliza wa 3 mwaka 2024, kiangazi hicho hicho wakaondoka Dovbyk, Savinho na Aleix García, msimu uliofuata wakamaliza wa 16.

Shabiki. Kikomo cha mishahara kinawalinda klabu zisife lakini kinaleta vioja vya usajili, Dani Olmo alinunuliwa 2024 akaanza msimu akiwa jukwaani sababu Barca hawakuweza kumsajili kwa wakati. Kwa sisi huku mechi nyingi zinachezwa usiku sana, hilo lifikirie kama unaamka mapema.

Inamfaa nani. Anayependa mpira wa kiufundi na anayetaka kuona vijana wakipewa dakika kweli, hata kama ni kwasababu hela hazipo. Pia mtu anayeishi kwa El Clásico, mechi ya Real na Barca. Ukitaka bingwa asiyetabirika utachoka.

3. Bundesliga

Hela ya TV. Haki za ndani kuanzia 2025 ni euro bilioni 1.1 na kidogo kwa msimu, hiyo inahudumia daraja la kwanza na la pili. Sio haba, ila kwenye haki za nje England wanawaacha mbali mno. Kwenye mgao kuna kitu kizuri, fungu dogo linaangalia timu inavyowatumia vijana.

Usajili. Ligi ya kulea na kuuza. Dortmund wamefanya kazi hii vizuri kuliko wote: Dembélé walimtoa Rennes kwa euro milioni 15 wakamuuza Barca baada ya mwaka mmoja kwa bei niliyotaja juu, Bellingham aliondoka 2023 kwa zaidi ya milioni 100. Tatizo ni kwamba ukiipenda timu ya Ujerumani unaipenda kwa kipindi. Angalia Leverkusen, mabingwa 2024 bila kufungwa hata mechi moja ya ligi, na kufika kiangazi cha 2025 Wirtz na Frimpong wako Liverpool, Xhaka Sunderland, Tah Bayern, na kocha Xabi Alonso Real Madrid. Miezi 14 baada ya ubingwa timu imesambaratika, na sehemu kubwa ya nguvu iliyoivunja ni hela ya TV ya England.

Ubingwa na mkiani. Bayern walichukua mara 11 mfululizo, 2013 mpaka 2023. Ile ya mwisho Dortmund walihitaji kuifunga Mainz tu nyumbani siku ya mwisho wakatoka 2-2, Musiala akafunga dakika ya 89 kule Köln na Bayern wakabeba kwa tofauti ya magoli. Bayern wakarudi tena 2025. Lakini shuka chini uone: Heidenheim, mji wa watu kama elfu 50, walipanda mara ya kwanza 2023 na kocha aliyekuwepo toka 2007, wakamaliza wa 8 na kucheza Ulaya. Kwa bajeti yao, England wangekuwa wameshuka Machi.

Shabiki. Hapa Ujerumani hawana mpinzani, nasema wazi. Kanuni ya 50+1 ya toka 1998 inataka wanachama wa klabu wabaki na kura nyingi, wachache tu kama Leverkusen na Wolfsburg walipewa ruhusa maalum, na RB Leipzig wanalalamikiwa mpaka leo. Jukwaa la kusini la Dortmund linabeba karibu watu elfu 25 wamesimama na tiketi zinabaki za bei ya kawaida. Mechi za Jumatatu zilifutwa kwasababu mashabiki waligoma. Na mwanzoni mwa 2024 ligi ilitaka kumwingiza mwekezaji kwenye mapato ya TV, wakarusha mipira ya tenisi uwanjani wiki baada ya wiki mechi zikisimama mpaka Februari ligi ikaachana na mpango. Barca waliuza robo ya hela zao za TV, hawa wakakataa kuuza sehemu ndogo. Gharama yake ni kwamba hela ya kushindana na EPL hawatakuwa nayo, na wengi wao wanaikubali hiyo gharama.

Inamfaa nani. Anayetaka magoli, viwanja vilivyojaa na kugundua majina kabla dunia haijayajua. Haimfai mtu wa kung'ang'ania kikosi kile kile miaka 5.

4. NBC Premier League

Hela ya TV. Mei 2021 Azam Media na TFF, shirikisho letu la soka, walisaini mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6. Ukigawa ni kama bilioni 22 na nusu kwa mwaka kwa ligi nzima, na kwa ukanda wetu ni hela ya heshima kabisa. Sasa rudi kwa Sheffield United: zile pauni milioni 100 na zaidi walizopata kwa kumaliza wa mwisho, kwa chenji ya wakati ule ni zaidi ya bilioni 300 za kwetu. Msimu mmoja wa anayeshuka England umezidi miaka 10 yote ya mkataba wetu. Siandiki hivi kuidharau ligi yetu, naandika ili mtu akisema kwanini hatushindani nao kwenye soko ajue umbali ulivyo.

Na bado hela hii imebadilisha mambo. Timu ya Ruangwa au Kigoma inaonekana nchi nzima, mchezaji anaonwa na mawakala bila kupanda basi kwenda Dar. Ila kinachoamua msimamo juu sio TV, ni wafadhili. Mohammed Dewji yuko Simba, GSM wako Yanga, Azam FC wana kampuni nzima nyuma yao, wengine wote wanategemea gawio la TV, udhamini mdogo na viingilio, ambavyo ni vya maana pale Simba au Yanga wakija kucheza kwao.

Usajili. Ligi ya kununua kutoka kwa majirani na kuuza kaskazini. Zamani sisi ndo tulikuwa tunawapelekea TP Mazembe ya Kongo, Samatta na Ulimwengu walikwenda Lubumbashi 2011. Miaka 10 baadae mkondo umegeuka, Yanga wamewatoa Mayele na Djuma Shabani AS Vita ya Kinshasa. Alafu klabu za Waarabu zinakuja: Miquissone toka Simba kwenda Al Ahly 2021, Mayele Pyramids 2023 ambako amebeba ubingwa wa Afrika 2025, Aziz Ki Wydad 2025. Bei nyingi hazitangazwi na hilo ni tatizo, shabiki hajui klabu imepata nini.

Kitu ambacho klabu zetu ndogo hazikifuatilii vya kutosha: FIFA wanataka asilimia 5 ya ada ya mchezaji anayehama nchi wagawiwe waliomlea kati ya miaka 12 na 23. Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, klabu za Bongo zilizomlea zilikuwa na haki ya gawio. Usajili wa bei mbaya Ulaya unaweza kujenga akademi Mbagala, ila kama dogo alicheza bila kusajiliwa kwenye mfumo, hakuna ushahidi na hakuna hela. Na kanuni imeruhusu mpaka wageni 12 kwa timu, kwahiyo kijana wetu wa miaka 19 Simba au Yanga dakika anazipata kwa shida.

Ubingwa na mkiani. Tangu Mtibwa Sugar wachukue 1999 na 2000, mpaka 2025 ni Simba na Yanga, ukitoa Azam 2014. Simba 4 mfululizo mpaka 2021, Yanga 4 mfululizo mpaka 2025. Lakini kwa Afrika ule ufadhili umezaa matunda ya kweli, Yanga fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na USM Alger, Simba fainali hiyo hiyo 2025 na RS Berkane. Kuanzia nafasi ya 5 kushuka chini ndo kuna vita tamu ambayo watu hawaiangalii.

Shabiki. Hapa ukiwa mwanachama wa klabu yako na ukakasirika unaweza kwenda kwenye mkutano mkuu ukasema. Kiingilio unakimudu, lugha ni yako, mchezaji unakutana naye mtaani. Ratiba ndo ugonjwa, dabi ya Simba na Yanga ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku ile ile watu wameshasafiri kutoka mikoani, ikachezwa Juni 25. Mwenye haki za TV na mwenye tiketi wote wanastahili zaidi ya hapo.

Inamfaa nani. Anayetaka mpira wa kuushika, wa kwenda uwanjani, na ambaye shilingi yake anataka ibaki hapa.

Sasa wewe uko wapi

Kama una hela ya kifurushi kimoja na nyumbani mko watu wengi wenye timu tofauti, EPL itawaweka wote kwenye sebule moja, na mwisho wa wiki ukikosa hela kibanda umiza hakikosi kuionyesha.

Kama una mtoto anacheza na unataka aone njia inavyopita, muonyeshe Bundesliga na Ligi Kuu yetu kwa pamoja, aone vijana wanavyopewa nafasi kule na aone hapa anapoanzia. Na hakikisha kituo anachochezea kinamsajili rasmi toka sasa.

Kama umechoka na usajili wa kila siku, Athletic Bilbao peke yao wanatosha kukufanya uifuatilie La Liga, au chagua timu ya katikati Ujerumani ukubali kuagana na mastaa.

Kama uko Ulaya, hasa Ujerumani au jirani yake, acha skrini. Tafuta tiketi ya kusimama timu ya karibu, klabu nyingi kule tiketi ya mechi inajumuisha na nauli ya treni za mjini siku hiyo.

Kama uko Bongo na uwanja hauko mbali, Ligi Kuu iwe ya kwanza na ya Ulaya iwe ya pili, hata ukienda uwanjani mechi moja kwa mwezi timu ya mkoani kwako inaona faida yake. Wengi wanaweza kuchanganya, EPL wikiendi na NBC katikati ya wiki. Ukishaamua tu, uliza kwanza kisimbuzi gani kina ligi gani msimu huu, EPL iko SuperSport na Ligi Kuu iko Azam, ila hizi nyingine haki zinahama na wauzaji wa vifurushi huwa hawakwambii mpaka umeshalipa.